Waya Unaorudi

Hotuba kwa mafundi wa umeme wa magari na madereva wa Malindi

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mafundi wenzangu, madereva, nanyi vijana mliokuja na daftari, hamjambo nyote, na ahsanteni kwa kuacha kazi zenu asubuhi hii.

Nianze na hiki nilichokishika. Ni lagi, kile kipete cha shaba kinachobanwa kwenye ncha ya kebo ili bolti ipite katikati yake. Ilitolewa kwenye buti la Probox. Walio nyuma hawaioni, basi nitaieleza. Uso wa juu, uliokuwa chini ya kichwa cha bolti, unang'aa kama ulivyotoka dukani. Uso wa chini, uliolalia bati, umeganda pete ya rangi nyeupe, rangi ya gari lenyewe, na ndani ya pete hiyo kuna kidoa kimoja tu kilichogusa chuma kweli. Si kikubwa kuliko punje ya mtama. Pembeni yake pameota unga wa kijani. Kebo iliyokuwa imebanwa hapa ni ya milimita mraba 25, nene kama kidole cha mtoto, na bei yake mnaijua. Umeme wote wa kebo hiyo ulikuwa ukirudi nyumbani kupitia punje ya mtama, na kupitia nyuzi za bolti ambazo nazo zilishashika kutu.

Waya mwekundu sote tunauheshimu. Hununuliwa mnene, huwekewa fyuzi, hupitishwa chini ya zulia kwa uangalifu. Zamu ya mweusi ikifika, jua limeshapinda na mwenye gari ameshapiga simu mara tatu. Hukatwa kipande kilichobaki, hufungwa kwenye bolti iliyo karibu, mara nyingi ya mkanda wa kiti, juu ya rangi, na gari likaondoka. Ndiyo nimekuja kuusemea huo mweusi, yaani athi, njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi ya gari.

Wazee wetu wa majahazi walijua kwamba chombo kilicholetwa na kaskazi hakina budi kurudi na kusi. Umeme ni hivyo hivyo. Ampea 40 zikiingia kwenye ampu, kile kikuza sauti cha redio, kwa waya mwekundu, ampea 40 hutoka, hakuna hata moja inayolala humo ndani. Njia ya kurudi ikiwa nyembamba, umeme hauachi safari, bali hutafuta kichochoro. Na kichochoro kilicho karibu zaidi na ampu ni ganda la nje la kebo ya RCA, ule msuko mwembamba uliotengenezwa kubeba sauti ya milivolti, unaokwenda moja kwa moja hadi kwenye redio. Ukiona RCA imelainika plastiki yake karibu na ampu, usiilaumu RCA. Imebebeshwa mzigo usio wake.

Twende kwenye hesabu, nayo ni ya darasani: volti ni ampea mara omu. Ampu ya wati 500 za kweli, ya daraja D, huvuta karibu ampea 48 ikisukumwa hadi mwisho. Ya daraja AB huvuta zaidi, hata 70. Tuchukue 40 tu. Kiungo chenye omu 0.02 kitakula volti 0.8 na kugeuza wati 32 kuwa joto. Wati 32 ni chuma cha solda. Yaani umeacha chuma cha solda kikiwaka chini ya zulia la buti kila wufa, ile spika ya besi, inapogonga, kisha unashangaa zulia linanuka.

Sasa hiyo omu 0.02 utaionaje? Wengi tunaweka mita ya kupimia umeme kwenye omu, kijiti kimoja kwenye athi ya ampu, kingine kwenye bodi, tunasoma 0.3, tunasema ni sifuri, iko sawa. Hebu gusanisha vijiti vya mita vyenyewe kwa vyenyewe. Vitakuonyesha 0.2 au 0.3. Unatafuta 0.02 kwa kifaa ambacho nyaya zake tu zina mara kumi ya hiyo! Ni sawa na kupima pete ya harusi kwenye mizani ya magunia. Na ule mlio wa mita ndio kabisa, maana mita nyingi hulia hata kukiwa na makumi ya omu. Mlio unasema njia ipo. Hausemi kama ni barabara ya lami au ni mwanya wa kupenya mbuzi.

Athi hupimwa ikiwa kazini, mzigo ukiwa umepanda, na hupimwa kwa volti. Andikeni hili taratibu, kwa sababu ndilo lenye faida kuliko yote nitakayosema.

Tafuta waya wa kawaida wa mita tano au sita. Unene wake si kitu, kwa sababu mita haivuti umeme wa maana. Ncha moja ifunge kwenye hasi ya betri, kwenye ile risasi yenyewe iliyochomoza, si kwenye kibano chake. Ncha ya pili ifunge kwenye kijiti cheusi cha mita. Weka mita kwenye volti za DC, kiwango cha 2 au cha 20. Injini iwake. Kwenye simu weka mlio mmoja usiobadilika, wa besi, kama wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa sababu muziki hupanda na kushuka na namba zitakuchezea. Panda sauti hadi mahali mwenye gari anapoiachaga akiwa na wenzake, wala usikae hapo zaidi ya nusu dakika, usije ukaunguza koili ya wufa. Halafu anza kutembea na kijiti chekundu.

Kwanza gusa skrubu ya athi kwenye ampu. Hiyo ndiyo hasara yote ya njia ya kurudi. Ikiwa chini ya volti 0.1, shukuru. Kati ya 0.1 na 0.2 bado inavumilika. Ikivuka 0.2, kuna kiungo kinachokula, na sasa unakifuata. Gusa shaba ya kebo inapoingia kwenye lagi. Gusa lagi. Gusa kichwa cha bolti. Gusa bati tupu sentimita tano kutoka kwenye bolti. Nenda mbele, gusa bodi karibu na betri, pale kebo nyeusi ya betri iliposhikizwa. Gusa kibano cha betri. Malizia kwenye risasi, ambapo ni lazima usome sifuri.

Namba itapungua hatua kwa hatua. Pale inapoporomoka ghafla, ugonjwa uko baina ya mguso huo na uliotangulia. Ikiwa lagi ni 0.62 na bati tupu ni 0.09, basi hukuhitaji kapasita, hukuhitaji ampu mpya, wala kebo mpya. Ulihitaji msasa. Kiungo kimoja kizuri hakistahili kula zaidi ya volti 0.05. Mara nyingi mtakuta buti ni zima na hasara yote iko mbele, kwenye kebo nyeusi ya betri iliyokuja na gari, ambayo kiwanda kiliipimia taa, honi na redio ndogo, si wufa mbili za inchi 12.

Hapa Malindi tuna adui ambaye fundi wa bara hamjui vizuri. Chumvi haisubiri gari liingie baharini. Kusi ikivuma, ule ukungu wa bahari huingia mjini, hukaa juu ya bati, na usiku unyevu huuyeyusha. Shaba ya lagi, chuma cha bodi, na maji ya chumvi katikati yake: hiyo ni betri ndogo, na chuma ndicho kinacholiwa. Mbaya zaidi ni pikapu za samaki za Mayungu na Ngomeni. Barafu huyeyuka, maji ya samaki huteremka kwenye kona ya sakafu, na kona hiyo ndiyo fundi aliyoichagua kwa bolti ya athi kwa kuwa imejificha. Magari ya kule kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni sina haja ya kuyaeleza; mmeona wenyewe bisbisi ikizama kwenye bati.

Chumvi hufanya jambo jingine lisiloonekana. Maji hupanda ndani ya ganda la kebo, baina ya nyuzi, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Nje kebo ni mpya, ndani nyuzi ni nyeusi. Ukikata lagi ya zamani, menya ganda sentimita mbili utazame. Nyuzi zikiwa nyeusi, kata tena, menya tena, hadi ufikie shaba inayong'aa. Kama sentimita 20 hazikufikishi, tupa kebo yote. Kubana lagi mpya juu ya nyuzi nyeusi ni kupaka rangi mlango uliooza.

Na kebo si zote ni shaba. Siku hizi nyingi za dukani ni alumini iliyopakwa shaba juu, nayo hupitisha umeme karibu theluthi mbili tu ya shaba ya unene ule ule. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini. Beba kebo mkononi pia, utaona wepesi wake. Siwakatazi kuitumia kwenye gari la Nairobi, mradi uongeze unene. Kwa gari linalolala Casuarina au Silversands, ninawakataza. Alumini ikikutana na chumvi huliwa upesi sana, na mwaka ujao mteja atarudi, akurudie wewe, si duka.

Basi athi nzuri inafungwaje? Kabla ya yote, ondoa hasi ya betri, nayo iwe ya mwisho kurudishwa. Ukianza na chanya, spana itagusa bodi na utachomelea bila kupenda.

Chagua bati nene, lililo sehemu ya fremu ya gari, karibu na ampu, kebo isizidi nusu mita. Usichague bolti ya mkanda wa kiti: hiyo imefungwa kwa nguvu maalumu ili imshike mtu wakati wa ajali, na si yako kuichezea. Bolti za viti nazo mara nyingi zina rangi na gundi ya nyuzi. Bati jembamba la pembeni, lililoshikwa na madoa mawili ya kulehemu, halifai. Kama unatoboa, lala chini ya gari kwanza utazame upande wa pili. Bomba la breki, bomba la mafuta na tangi lenyewe vyote hupita huko nyuma. Kuna mafundi wanaoruka hatua hii kwa haraka ya dakika mbili, na mimi sina namna ya kuwaelewa.

Toboa milimita 8.5 kwa bolti ya milimita 8. Kwaruza rangi duara ya sentimita tatu, hadi chuma kiwe cheupe kama kisu kilichonolewa. Si rangi ya juu tu ya kukwaruza. Kwaruza na ile rangi ya chini, ya kijivu, ambayo wengi hudhani ni chuma. Futa kwa kitambaa chenye spiriti. Lagi ilale juu ya bati lenyewe, uso kwa uso, pasiwe na washa katikati. Washa ya nyota iwe juu ya lagi, kisha kichwa cha bolti, na chini washa na nati ya kujifunga. Kaza. Jaribu kuizungusha lagi kwa mkono, ikizunguka, hujakaza. Ndipo upake grisi au mafuta ya mgando kiungo chote, na chini ya gari upake rangi ya kuzuia kutu. Grisi haipitishi umeme, kwa hiyo haiwekwi nyingi katikati kabla ya kukaza. Kazi yake ni kuzuia hewa ya bahari baada ya chuma na shaba kushikana.

Kebo nyeusi iwe na unene ule ule wa nyekundu. Nyekundu ikiwa 25, nyeusi ni 25. Lagi ibanwe kwa koleo la kubania, si kwa nyundo na patasi, na ivalishwe ganda la kupashwa moto lenye gundi ndani. Upande wa ampu, kebo inapobanwa na skrubu, usizilowanishe nyuzi kwa solda. Solda ni laini. Ikibanwa huendelea kujivuta kidogo kidogo, na baada ya wiki chache skrubu imelegea yenyewe. Nyuzi tupu, au kifuko cha shaba, basi. Kisha mwite mteja baada ya siku tatu nne ukaze tena, kwa sababu nyuzi hujipanga.

Na mbele, ongeza kebo tatu: hasi ya betri kwenda bodi, injini kwenda bodi, na chanya ya altaneta, ile inayochaji betri, kwenda betri yenye fyuzi yake. Zile za zamani usiziondoe, ziache zisaidie.

Hapo nimesema kebo ya injini, na nataka nisimame kidogo. Injini imekalia raba. Isipokuwa na kebo yake ya kwenda bodi, haina athi. Kebo hiyo ikikatika, stata haiachi kudai mamia ya ampea, na ampea hizo zitarudi kwa kebo ya akseleta, kwa kebo ya gia, kwa chochote cha chuma kinachounganisha injini na bodi. Ukigusa kebo ya akseleta baada ya kupiga stata ukaikuta ya moto, umeshapata jibu. Kwenye gari lenye kelele za redio na stata nzito, anza hapa kabla ya kufungua dashibodi.

Sasa mluzi. Mwenye gari haji akasema athi yangu ni mbovu. Husema, "Fundi, kuna mluzi, nikikanyaga mafuta unapanda." Mluzi huo unatoka wapi? Altaneta hutoa umeme wa awamu tatu, daiodi 6 huugeuza kuwa wa njia moja, na mawimbi madogo hubaki juu yake. Altaneta nyingi zina jozi 6 za ncha za sumaku, hivyo mzunguko mmoja hutoa mawimbi 36. Injini ikiwa mizunguko 800 kwa dakika, na puli ikizidisha mara mbili na nusu, altaneta inazunguka 2000 kwa dakika, sawa na 33 kwa sekunde, na mawimbi ni 1200 kwa sekunde. Kanyaga hadi 1600, yamekuwa 2400. Sikio la binadamu lina ukali wake mkubwa baina ya 2000 na 5000. Ndiyo maana kitu cha milivolti chache kinakukera kuliko honi ya lori.

Lakini mawimbi hayo yapo kwenye kila gari, hata lisilo na mluzi. Yanaingia kwenye sauti pale redio na ampu zinapokuwa na sifuri mbili tofauti. Redio imeshika athi kwenye dashibodi, ampu imeshika kwenye buti, na baina yao kuna tofauti ya volti. RCA inaziunganisha. Tofauti hiyo inasukuma umeme kwenye ganda la RCA, na ampu, ambayo haijui lipi ni wimbo na lipi ni altaneta, inakuza vyote.

Kutafuta chanzo ni kwa kukata njia, moja baada ya nyingine. Zima kila kitu. Chomoa RCA kwenye ampu, na mahali pake chomeka vichwa viwili vya RCA ambavyo umeunganisha pini ya kati na ganda lake. Washa injini. Mluzi ukiwa bado upo, uko kwenye ampu yenyewe, athi yake, au nyaya za spika. Unganisha spika ya mkononi moja kwa moja kwenye ampu, na ukiusikia tena rudi kwenye kipimo cha volti. Ukinyamaza kimya, mluzi unaletwa na RCA au redio. Hatua ya pili, tandaza RCA nyengine juu ya viti, kutoka redio hadi ampu. Ukiisha, ile ya chini ya zulia imekatika ganda au imelala juu ya waya mwekundu. Hatua ya tatu, toa redio kabisa kwenye hesabu: chomeka simu kwenye ampu kwa waya wa jeki, simu ikitumia betri yake, haichaji. Ikiwa safi, redio ndiyo yenye neno.

Redio ikiwa na neno, mara nyingi ni mambo mawili. La kwanza ni waya wake mweusi, mwembamba, ulioshikizwa kwenye skrubu ya plastiki ya dashibodi. Chomoa plagi ya antena: redio ikizima, au kelele ikibadilika sana, ilikuwa inarudi kwa ganda la antena. La pili, baadhi ya redio zina fyuzi ndogo mno ndani, baina ya ganda la RCA na bodi ya redio. Huungua siku athi ya ampu inapolegea, au fundi anapochomeka RCA umeme ukiwa umewaka. Pima kwa mlio wa mita kati ya ganda la RCA na mwili wa redio. Kimya ni kuungua. Wengine hufunga waya mwembamba kutoka ganda hadi mwili wa redio na kelele huisha. Ni tiba, lakini kabla yake rekebisha athi ya ampu, ama safari ijayo utaunguza kitu chenye bei.

Kabla sijaacha altaneta: daiodi moja ikifa, mawimbi huwa makubwa hata athi iwe ya dhahabu. Pima betri kwa volti za AC, injini ikiwaka na taa zimewashwa. Zaidi ya 0.5 ni dalili mbaya. Ila ile mita ndogo ya manjano tunayonunua wengi hudanganya hapo. Iweke AC, uigusishe kwenye betri ya gari lililozimwa. Ikionyesha ishirini na kitu, haiwezi kutenganisha DC na AC, basi usiitumie kwa kipimo hiki.

Kifaa cha kutenga athi, kile kijiboksi kinachochomekwa kwenye RCA, ndani yake ni transfoma mbili. Kinanyamazisha mluzi, ni kweli. Pia cha bei rahisi hupunguza besi za chini kabisa, na kinaacha athi mbovu ikiendelea kupika zulia. Kina mahali pamoja tu pa halali: simu inayochajiwa kwa USB huku imechomekwa jeki kwenye redio. Hapo pete ya athi, yaani njia mbili za athi zinazokutana, imejitengeneza kwenye simu, na kuing'oa dashibodi si lazima. Kijiboksi kidogo kwenye waya wa jeki, au bluetuthi, na mluzi umekwisha.

Wenye tuktuk, bodi yenu ni bati jembamba lenye viraka. Msiiamini. Athi ya redio na ya ampu zote ziende hadi hasi ya betri, zikutane hapo. Mkisikia tik-tik inayofuata injini, hiyo ni cheche ya plagi: wekeni kichwa cha plagi chenye rezista na muiepushe RCA na waya wa plagi.

Wenye malori ya volti 24, usichukue 12 kwenye betri moja. Betri hiyo itakufa mapema, na ukikosea ukachukua ile ya juu, mwili wa redio utakuwa volti 12 juu ya bodi. Ukigusa chuma, waya unawaka. Tumia kigeuzi cha 24 kwenda 12 chenye ampea za kutosha.

Na la spika, kwa wazee waliofunza wengi wetu, kwa heshima zote. Zamani hasi ya spika ilishikizwa kwenye bodi na muziki ukalia. Redio za sasa haziko hivyo. Nyaya zote mbili za spika zina volti kama 6 zikiwa zimewashwa, na hakuna hata moja iliyo athi. Ukishikiza moja kwenye bodi, unaua aisi ya redio, kile kijipande kinachosukuma spika, siku hiyo hiyo. Kwenye gari kuukuu linalobadilishwa redio, pima kila waya wa spika kwa bodi kabla ya kuunganisha. Ukikuta unaoshikana na bodi, vuta waya mpya kutoka kwenye spika.

Maswali tutayajibu tukiwa kazini. Nje kuna Noah ya kijivu yenye mluzi, mwenyewe yuko hapa na ametuachia funguo. Waya wa mita sita uko mezani, mita ni mbili, msasa namba 80 upo. Vijana wawili waje mbele: mmoja ashike ncha kwenye risasi ya betri, mwengine afungue buti. Tusiguse bolti hata moja hadi tuzisome namba zote nane.